Meno ya Nani

"Nani alikuuma?"

Dogiteri Nziza aliuliza bila kupunguza sauti, mukono ya Mudathiru iko ndani ya yake, ameishika sawa vile mutu anapima samaki. Saidati, bibi ya Mudathiru, alikuwa amesimama pembeni ya kitanda na thermos ya chai. Aliiweka chini polepole, akangoja bwana yake ajibu.

"Hakuna mutu aliniuma," Mudathiru akasema. "Ni sindano. Mi ni fundi wa kushona, dogiteri. Sindano inanichoma kila siku."

"Sindano haina meno."

"Donc sikuumwa."

Kwenye kitanda ya pili alikuwa Habiyaremye, mukulima wa viazi kutoka Mudende, na plasta mpaka ku kiuno. Akacheka. "Fundi, sema tu. Mi nilivunjwa mguu na ng'ombe yangu mwenyewe na nilisema. We unaona haya ya nini?"

Salle yote, wagonjwa na wageni wao, ikacheka. Saidati hakucheka. Alikuwa anaangalia ile kidole. Ilikuwa kidole ya shahada, ya mukono ya kuume, mukono ya kazi, na ilikuwa imevimba mpaka ikachukua rangi ya bilinganya. Haikukunjika tena. Mwanzo Mudathiru alienda kwa kijana mumoja wa farumasi, yule kijana akamupasua kidogo upande ya juu, akamupa vidonge, na Mudathiru akavimeza vyote vile aliambiwa. Kidole ikaendelea kuvimba. Wakati ilianza kunuka, Saidati akamuvuta mpaka hospitali, na pale wakachukua usaha wakapeleka ku labo.

"Sikia, muzee," Nziza akasema. Alikuwa kijana, alikulia Uganda, na Swahili yake ilikuwa inakuja na haraka ya kule. "Labo wamepata mikrobe. Jina yake Eikenella. Inakua pole pole sana, walikuwa karibu kutupa ile sahani ya kuikuzia. Then ikatokea. Inachimba mashimo madogo kwenye chakula tunaipatia, sawa vile panya kwa sabuni. Na ukifungua sahani, inanuka Javel."

"Javel, dawa ya kufua?" Saidati akauliza. Ilikuwa neno yake ya kwanza.

"Ile ile. Sasa hii mikrobe haikai kwa udongo, haikai kwa chuma. Inakaa kwa mudomo ya mutu. Hapa, kati ya jino na nyama yake. Watu wengi wako nayo na haiwasumbui, wanaishi pamoja tu. Shida ni siku inaingia ndani, kwa kiungo. Zile vidonge za farumasi haizisikii hata. Tumeanza ingine ambayo inasikia, lakini dawa peke yake haitoshi. Kesho asubuhi nafungua kidole, nasafisha. So nataka kujua iliingia wapi."

"Juu ya nini unataka kujua?" Mudathiru akauliza.

"Juu ya kujua mahali pa kukata. Kama ulipiga mutu ngumi kwa meno, ama alikuuma, iliingia hapa juu. Kama ni kitu ilichoma upande ya ndani, nafungua ndani. Yule wa farumasi amenipasulia juu, ameharibu alama yote. Nikifungua mahali si yake, usaha inabaki, mufupa inaoza, na nitatoa kidole yote. Tena kama ni mudomo ya mutu, huyo mutu nataka nimupime damu. Kwa hiyo nakuuliza tena."

Mudathiru akaangalia juu, ku plafo. Ilikuwa safi, haikuwa na kitu cha kuangalia.

"Ni sindano," akasema. "Ilikuwa kwenye mudomo. Ya mimi. Naweka sindano kwenye midomo nikishona, sawa mafundi wote. Kiisha ikanichoma."

"Okey," Nziza akasema, akaanza kugeuza ile mukono.

"Uongo," Saidati akasema.

Hata mwanamuke aliyekuwa anapiga simu ku dirisha akakata simu yake.

"Dogiteri, huyu mutu haweki sindano kwa mudomo. Ku atelier yake, pale anashonea, ukiweka sindano kwa mudomo anakufukuza. Anavaa kamuto kadogo hapa ku mukono, sindano zote zinakaa pale. Hata mi mwenyewe aligombana na mi juu ya ile kitu, mbele ya wageni. Anakudanganya."

Mudathiru akafunga macho. Alikuwa na jibu ya kweli na ilikuwa pale pale ku ulimi, lakini kwake ile jibu ilikuwa mubaya kuliko kidole kukatwa.

Nziza akaangalia bwana, akaangalia bibi. "Mukubaliane," akasema. "Kesho asubuhi nakuja na kalamu, nachora mahali pa kukata. Kama hakuna mutu anasema kitu ingine, nakata juu. Watu wengi wenye hii kidole wanaficha ngumi."

Akaenda kwa mugonjwa mwingine.

"Ngumi," Habiyaremye akasema kwa heshima. "Na unavyokonda vile, sha."

Nje, mahali familia za wagonjwa wanaanika nguo, Nadra alikuwa anangoja na sahani ya wali imefunikwa. Nadra ni dada mukubwa wa Mudathiru, anauza vitenge, na kama kitu imefika kwa Nadra basi imefika kila mahali. Saidati alijua vile. Lakini hakukuwa na mutu mwingine, akamuambia yote.

"Meno?" Nadra akauliza. "Meno ya mutu?"

"Ya mutu, wifi."

"Si ya mbwa."

"Dogiteri alisema mutu."

Nadra akafikiri. "Labda njo wewe."

"Mi nini?"

"Ulimuuma ukasahau. Watu wa ndoa wanafanya vitu."

"Wifi, mi na kaka yako tumezeeka. Nikimuuma leo ataniletea shehe anisomee."

Nadra akacheka kidogo, kiisha akaacha, sababu aliona Saidati iko analia bila kutoa sauti, anapangusa na mukono ya kushoto, ile haikunuka sambaza. Saidati anauza sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa, ku soko na harufu haitoki ku vidole.

"Yewe, usilie hapa. Watafikiri amekufa." Nadra akamuvuta karibu na ukuta. "Umeona alama ingine ku mwili?"

"Hakuna."

"Simu?"

Pale njo palikuwa pabaya. "Simu hataki kuisoma mbele yangu," Saidati akasema. "Message ikiingia, anasimama, anaenda nayo ku jua. Anasoma kule, ananipa mugongo. Akirudi namuuliza ni nani, anasema ni kampuni ya simu."

"Kampuni ya simu inaandika kila siku?"

"Kila siku, wifi. Na mara ingine namuambia nisomee hii karatasi ya mutuelle, ile ya matibabu, anasema Habib mutoto wetu atasoma, yeye amechoka. Mutu achoke kusoma karatasi, asichoke kusoma message?"

"Mi sisemi kitu," Nadra akasema, na alikuwa ameanza kusema. "Ni kaka yangu, tulinyonya titi moja. Lakini mikrobe haiongopi. Dogiteri alisema inanuka nini?"

"Javel."

"Basi tafuta mutu ananuka Javel."

Walisimama pale, wanawake wawili na sahani ya wali inapoa, na hakuna mumoja wao alikumbuka kwamba dogiteri alisema ni watu wengi wako na ile mikrobe, na kwamba Javel ni harufu ya sahani ya labo, si ya mudomo. Ile neno Javel ilikuwa imekaa. Na wote wawili walifika mahali pamoja kwa wakati moja. Nadra njo alitamka.

"Yule Yasmina wa ku atelier, asubuhi anafanya usafi ku oteli. Kule ku ziwa."

Saidati akachukua kitenge yake akaifunga muzuri ku kiuno.

"Kula wali kwanza," Nadra akamuambia.

"Nitakula nikirudi."

Atelier ya Mudathiru iko Mbugangari, kati ya mutu wa kuziba pneu za magari na duka ya Vénuste, ambaye na yeye ni fundi. Mudathiru anashona kanzu na nguo za harusi, na kazi yake ya mukono, zile matundu za vifungo na maua ya ku kola, watu wanatoka mpaka Goma kuifuata. Vénuste anashona uniforme za shule na ana mashini mupya. Wanasalimiana kila asubuhi kwa tabasamu kubwa sana.

Yasmina alikuwa anakaa ku kiti ya mulango, anashona vifungo ku shati. Bwana yake alimuacha, na ni Saidati mwenyewe alisema ku Mudathiru: muchukue, anashona muzuri, atakusaidia mukono. Ile kitu ilikuwa inamuchoma Saidati njia yote. Kulikuwa na mama mumoja anangoja sketi yake, jupe ya kitenge. Vénuste alikuwa amesimama nje ya duka yake, mikono nyuma.

"Asalaam aleikum, Mama Habib," Yasmina akasema. "Kidole iko aje?"

"Fungua mudomo."

"Nini?"

"Fungua mudomo nione meno."

Yasmina akaangalia yule mama wa jupe, akamuangalia Saidati. Akajaribu kucheka. "Nimefunga leo, Mama Habib, sijapiga muswaki tangu alfajiri."

Saidati akainama, akamunusa. Akamunusa ku mudomo, ku shingo, ku mikono ya gauni. Mama wa jupe akasimama kabisa ili aone muzuri. Na ilikuwa pale, ile harufu, kali, ya choo ya oteli, imeingia mpaka ndani ya nguo.

"Javel," Saidati akasema.

"Nimetoka kazi sasa hivi."

"Dogiteri amesema mutu aliyemuuma bwana yangu anatoa mikrobe ya kunuka Javel. We unanuka Javel. Bon. Nieleze."

"Donc oteli muzima ilimuuma bwana yako," Yasmina akasema. "Hata gérant, mukubwa wao. Na yeye ananuka."

Mama wa jupe akaziba mudomo. Vénuste akakaribia hatua kidogo, sawa mutu anatafuta kivuli.

"Niko nakuuliza mbele ya watu sababu sina kitu cha kuficha," Saidati akasema. "We ukitaka kuficha, ficha."

Yasmina akaweka shati chini. Alikuwa mwanamuke mudogo wa mwili na watu walizoea kumusemea juu. Alisimama, akamuambia mama wa jupe arudi kesho. Mama hakutaka kwenda. Yasmina akamushika ku kiwiko akamutoa, akamuambia Vénuste, "Na wewe, fundi, mashini yako inakuita," akavuta pazia ya mulango. Ndani ikakuwa giza kidogo.

"Kaa, Mama Habib."

"Sikai."

"Basi simama, lakini angalia."

Akachukua sindano na uzi mweupe. Akalamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu, akaikata, na ile sindano akaishika kwenye midomo, uzi inaning'inia. Akachukua ya pili, akafanya vile vile. Akachukua ingine. Midomo yake ilikuwa na sindano zimepangwa, na bado alikuwa anamuangalia Saidati. Kiisha akabeba kanzu mbili mikononi, mikono yote imejaa, akaenda mpaka ku meza ya Mudathiru, akazilaza, akainama sawa vile anapanga kitambaa, na chini ya kitambaa akatoa sindano moja ku midomo, akaichomeka pale. Ungekuwa mugeni anakaa ku kiti, usingeona kitu.

Akatoa zingine ku mudomo. "Njo kazi yangu," akasema. "Vifungo ni ya kuonyesha watu. Kazi yangu ni hii."

"Sielewi."

"Haoni uzi, Mama Habib."

"Nani?"

"Baba Habib. Haoni karibu. Mbali anaona mpaka namba ya pikipiki ikiwa kule ku barabara. Karibu, hakuna. Uzi haoni, tundu ya sindano haoni. Simu anaipeleka ku jua, ananyoosha mukono hivi, ndio herufi zinakuja. Mushono anaushona na vidole, si na macho. Vidole vyake vinajua."

Saidati akakaa. Kiti ilikuwa ya Mudathiru.

"Siku ile," Yasmina akaendelea, "mugeni wa Goma aliingia haraka bila kubisha. Nilichelewa kuichomeka sindano, nikaiacha tu chini ya kitambaa. Baba Habib akanyoosha mukono chini ya kitambaa akainyakua, ilikuwa bado na mate yangu, ikamuingia hapa ndani, ku kunjo. Ikaingia sana. Hakusema hata aa. Akaendelea kumupima yule mutu mabega."

"Ilimuingia wapi?"

"Hapa." Yasmina akaonyesha kidole yake, upande ya ndani, mahali inakunjika. "Si juu. Ndani."

Nje Vénuste akakohoa. Yasmina akangoja mpaka hatua zake zikaenda mbali kidogo.

"Miwani zinauzwa kila mahali ku soko," Saidati akasema.

"Nilimuambia. Akasema siku fundi wa kanzu atavaa miwani, Vénuste atachinja mbuzi. Watu watasema amekwisha. Nani anapeleka kitambaa ya harusi kwa mutu haoni?"

"Tangu lini?"

"Ilianza mbele ya Ramadhani ile iliyopita."

Saidati alitaka kufurahi. Hakukuwa na mwanamuke. Hakukuwa na meno, hakukuwa na kitanda ya mutu mwingine. Alitafuta ile furaha ku kifua na hakuipata. Alipata kitu ingine, mubaya zaidi, sababu haikuwa na jina na usingeweza kuipelekea shehe.

"Na we ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mi nalala na yeye, napika, namufulia, na sikujua. We ulijua."

"Hakutaka ujue. Alisema ukijua wewe, Nadra atajua. Na Nadra akijua, Gisenyi yote."

Saidati akakumbuka sahani ya wali na akaona haya, na haya ikamuongezea hasira. "Mate yako iko ndani ya mufupa ya bwana yangu," akasema. "Na siri yake iko kwako. Unataka nikuombe musamaha?"

"Sitaki kitu," Yasmina akasema. "Umeninusa mbele ya watu sawa nyama. Sitaki kitu."

"Dogiteri anataka damu ya mwenye mudomo."

"Nitakuja kesho nikitoka oteli. Lakini we njo utasema kule nimekuja kufanya nini. Mi siwezi. Nilimuapia."

Asubuhi Saidati alifika akakuta salle iko na furaha. Kitanda ya magurudumu ilikuwa tayari ku mulango, na Mudathiru alikuwa amevaa ile gauni ya kufungwa nyuma, na watu walikuwa wanamuangalia vingine. Vénuste naye alikuwepo. Alikuja kuona jirani, na matunda ya maracuja ndani ya mufuko, amekaa ku mwisho ya kitanda, macho yake inatembea.

"Mama, hukuniambia uko na shujaa," Habiyaremye akasema. "Amesema yote. Ni mutu wa Goma, mukubwa hivi, alitukana dini yake ku barrière ya mupakani. Fundi akamupa moja tu. Meno ikalala chini."

"Sikusema ililala chini," Mudathiru akasema polepole.

"Ililala, sha. Usijishushe."

Saidati akamuangalia bwana yake. Mudathiru akamuangalia na akageuza macho haraka. Mutu ambaye hajawahi kumupiga hata mutoto wake. Alikuwa amechagua mutu wa ng'ambo, wa kutoitwa, wa kutopimwa damu, na watu walikuwa wamemupenda juu yake. Aliona wazi: anataka kupoteza kidole akiwa mwanaume, kuliko kubaki nayo akiwa fundi asiyeona.

Dogiteri Nziza akaingia na kalamu ya bluu. "Okey. Tumekubaliana ni ngumi." Akashika kidole, akachora mustari upande ya juu, mahali farumasi ilipasua. "Hapa."

Saidati alifikiri amuombe Vénuste atoke kwanza. Lakini angemuambia nini? Akimutoa, Vénuste atajua kuna kitu, na atasimama nyuma ya mulango kama jana. Na vijana wawili wa kusukuma kitanda walikuwa wamekwisha kumuinua Mudathiru.

"Dogiteri, si hapo," akasema.

"Mama Habib, nyamaza," Mudathiru akasema.

"Hakupiga mutu. Ni sindano kweli. Jana mi njo nilikosa, nilisema anadanganya, na haikuwa uongo yote. Ilitoka ku mudomo, lakini si ya kwake. Ni ya yule dada anamushonea vifungo. Anamuwekea uzi ku sindano, juu yeye haoni. Macho ya karibu imekwisha. Ilimuingia hapa ndani, ku kunjo."

Hakuna mutu alicheka. Habiyaremye akavuta blanketi akaifunika plasta yake, sababu hakujua afanye nini na mikono.

Nziza hakuuliza swali ingine. Akachukua pamba na alkol, akapangusa ule mustari ya bluu mpaka ikatoka. Akageuza mukono, akabonyeza ndani ya kunjo na kidole gumba. Mudathiru, ambaye hakulia siku ile sindano ilimuingia, akalia sauti kubwa mpaka watu wa korido wakasimama.

"Hapa," Nziza akasema, akachora upya. "Huyo dada iko wapi?"

"Anakuja akitoka kazi."

"Good. Twende."

Wakamusukuma. Wakati kitanda inapita mbele yake, Vénuste akasimama, akaweka mufuko ya maracuja ku miguu ya Mudathiru. "Pole sana, fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, sauti ya mutu amekwisha kupanga nani atamuambia kwanza. "Mungu akuponye macho."

Mudathiru aliangalia Saidati mpaka mulango ikafungwa, na haikuwa macho ya kushukuru.

Usaha ilikuwa ndani, vile Yasmina alionyesha. Nziza alisema angefungua juu asingeikuta, na sasa hivi wangekuwa wanaongea kutoa kidole. Itabaki. Haitakunjika sana, itasimama kidogo sawa mutu anaonyesha njia, lakini itabaki. Yasmina alikuja akatoa damu, ikapimwa, haikuwa na ugonjwa wowote. Alipita ku korido mbele ya Saidati bila kusalimia. Alimuambia tu, "Ufunguo ya atelier nimeacha kwa mutu wa pneu," akaenda, na Saidati hakumuita.

Mudathiru aliamka mchana, mudomo kavu, mukono imefungwa kubwa sawa mukate. Saidati akamunywesha maji. Habiyaremye alikuwa anajifanya analala na hakujua kujifanya.

"Umenimaliza," Mudathiru akasema.

"Nimekuachia kidole."

"Kidole ya kufanya nini? Saa hii Vénuste amekwisha fika ku soko."

"Ungeniambia mimi, nisingekuwa na kitu ya kuwaambia."

Saidati akaweka kikombe. Kulikuwa na swali ilikuwa inamukera tangu jana, na alijua kama haiulizi leo hataiuliza tena, na itakaa ndani yake pole pole, inachimba.

"Yasmina anajua kitu gani ingine?"

"Hakuna."

"Kitu gani ingine, Baba Habib? Usiniogope. Nimezoea sasa."

"Wallahi hakuna. Ni macho tu."

Saidati akainama juu yake, karibu sana, uso kwa uso, amutafute ndani ya macho kama iko anadanganya. Alikuwa anajua kumusoma zamani. Mudathiru akarudisha kichwa nyuma, akakigandamiza ndani ya muto.

"Juu ya nini unanikimbia?"

"Sikukimbii. Nakutafuta." Akajaribu kukaza macho. "Ukiwa hapa karibu sioni uso yako. Naona moshi. Najua ni wewe juu ya sauti, na sambaza."

Habiyaremye akasahau kulala, akafungua macho.

Saidati akanyooka. Alibaki amesimama, anahesabu ndani yake ni mara ngapi alimuonyesha uso ya hasira, uso ya kilio, uso ya kumutaka, na yule mutu anaangalia moshi. Akarudi nyuma kidogo.

"Na hapa?"

"Bado."

Akarudi tena, mpaka mugongo yake ikagusa chuma ya kitanda ya Habiyaremye.

"Hapa?"

"Hapo njo nakuona," Mudathiru akasema. "Hapo nakuona muzuri sana."

"Unaona nini?"

Akamuangalia muda murefu. Hakukuwa na mutu wa kumusaidia.

"Hauniamini," akasema.

"Bon," Saidati akasema. "Kumbe unaona."

Akavuta kiti, akakaa pale pale, mahali anaonekana.